Darubini ya Wasichana na Veranda ya Mwenyekiti

Walimu wenzangu, hasa nyinyi mnaofundisha fizikia,

Siku mliponiaga mliniomba niandike kidogo kuhusu miaka yangu ya kazi, na mmoja wenu akaongeza kwamba yawe mambo ya kutia moyo. Nimejaribu. Nimekaa hapa nyumbani Kaloleni, Kisumu, chai pembeni, nikaanza na sifa za ualimu, na kila nikifika mstari wa tatu mkono unakataa. Yale yanayonijia ni yale yaliyoniudhi. Basi nitaandika hayo, na atakayetaka kutiwa moyo atafute mwingine. Vyeo nilivyopata na nilivyonyimwa havina faida kwenu. Nitawaeleza habari ya nyota zinavyozeeka, jinsi nilivyoifundisha, na watu walioizuia isifundishwe.

Nilipelekwa shule ile ya wasichana mapema miaka ya themanini. Iko upande wa Seme, si mbali na Kombewa. Jina lake naliacha kwa sababu wanaofundisha pale leo hawana hatia. Mwalimu mkuu alinipokea vizuri, akanikalisha, akaagiza soda.

"Mwalimu Rukia, karibu sana. Wewe ni wa sayansi ya nyumbani, donge? Si ndiyo?"

Nikamwambia mimi ni wa fizikia. Alicheka kwa upole, kama mtu anayemcheka mtoto aliyevaa viatu vya babake.

"Fizikia ya wasichana?"

"Fizikia ni moja, Mwalimu. Ya wasichana sijawahi kuiona."

Akanionyesha maabara. Ilikuwa na meza nzuri za saruji, mabomba ya maji, na magunia ya mahindi mpaka kwenye dari. Kuku alikuwa ametaga kwenye sinki. Nikauliza mahindi yatatoka lini, akasema tutaona. Neno hilo, tutaona, nililisikia miaka yote niliyokaa pale, na sijawahi kuona kitu.

Aliyenisaidia kutoa magunia ni Mwalimu Awiti wa jiografia, mzee mrefu mwenye koti moja la kahawia, mzaliwa wa Seme, aliyekuwa karibu kustaafu. Tulianza kuyahamishia kwenye stoo ya jikoni siku ya Jumamosi, mwalimu mkuu akiwa mjini. "Akiuliza," Awiti aliniambia, akifuta jasho, "nitasema panya imezidi. Na si uongo. Moja imepita juu ya kiatu yangu sasa hivi."

Huyo ndiye aliyenifundisha kazi, ingawa cheti changu kilikuwa kipya kuliko chake. Wiki ya kwanza aliomba kukaa nyuma ya darasa langu. Nilifundisha joto na mwanga, nikajaza ubao. Kengele ilipolia alinisubiri mlangoni.

"Umeongea vizuri sana, Mwalimu. Na hao watoto wamelala vizuri sana."

Nilikasirika. Yeye akaendelea taratibu: "Anza na kitu inawaka. Mtoto hawezi kulala kama kitu inawaka karibu na nywele yake."

Nililala na hasira hiyo, asubuhi nikaona amesema kweli. Kwa hiyo nilipofika mada ya nyota nilianza na moto. Awiti aliazima karabai ya kanisani kwao, ile taa kubwa ya kupiga pampu. Mimi nikaleta taa ya chemni na koroboi ya bati. Tulikusanyika maabarani jioni, wakati wa masomo ya ziada, nikaziwasha zote tatu kwa pamoja. Karabai niliitilia mafuta ya taa mengi kuliko zile nyingine. Kisha nikawaambia wasichana wafanye hesabu zao kama kawaida, waangalie tu ni ipi itazimika kwanza.

Karabai ilinguruma, ikamulika chumba chote, na ndiyo iliyokuwa ya kwanza kuchoka. Mwanga wake mweupe uligeuka njano, ukawa mwekundu, ukakohoa, ukafa. Chemni iliendelea. Koroboi, ambayo hakuna aliyeijali, iliwaka mpaka tukaizima wenyewe tukaenda kulala.

"Sasa," niliwaambia, "tuseme mtu ameingia chumbani kwa kuchelewa. Hana saa. Atajuaje taa hizi ziliwashwa lini?"

Msichana mmoja aliyekaa karibu na dirisha alijibu bila kuinua mkono. "Ataangalia ni gani imezima."

Jina lake Akoth, kidato cha tatu. Mamake alikuwa msafishaji wa wodi hospitalini Kombewa. Hakuwa wa kwanza darasani, na mwandiko wake ulikuwa kama kuku amepita kwenye matope. Lakini jibu lile ndilo lote. Nyota nzito ina mafuta mengi, lakini inayachoma kwa fujo, inang'aa buluu na kuisha mapema. Nyota ndogo inachoma kidogo kidogo na kudumu. Ukitazama nyota moja tu huwezi kujua umri wake, kwa sababu hukuwepo ilipowashwa. Ukitazama fungu la nyota, yaani nyota zilizozaliwa pamoja kutoka wingu moja la gesi na zikabaki pamoja, basi unaangalia zipi zimeshaanza kuchoka, na fungu zima linakwambia umri wake. Kilimia ni fungu la namna hiyo. Lilikuwa juu ya vichwa vyao muhula wote wa kwanza, na hakuna mtu aliyewahi kuwaambia litazamwe kwa sababu nyingine zaidi ya kulima.

Darubini tuliipata kwa jenereta kuharibika. Alikuja kuitengeneza fundi mkuu wa mitambo kutoka upande wa Muhoroni, Singasinga wa makamo, Bwana Jagjit. Alipokuwa akifunga parafujo aliwasikia wasichana wakibishana kama nyota nyekundu ni kali au baridi. Akaacha kazi, akauliza nani anawafundisha haya. Tulizungumza mpaka chai ikapoa. Kumbe nyumbani alikuwa na darubini aliyoitengeneza mwenyewe. Kioo chake alikikwangua na kukisugua kwa mkono miezi mingi, akakituma kwenda kupakwa ngozi ya fedha inayorudisha mwanga, akakifungia kwenye bomba la mbao lenye urefu wa mtoto wa darasa la tano. Lakini Muhoroni wakichoma miwa anga linajaa moshi na majivu, na yeye alikuwa anajiandaa kuhamia kwa mwanawe ng'ambo. Wiki chache baadaye alirudi nayo kwenye pikapu, imefungwa ndani ya magodoro.

Mwalimu mkuu alitoka ofisini kumshukuru kwa niaba ya shule. Bwana Jagjit alimpa mkono, kisha akasema, mbele yangu na mbele ya Awiti: "Si ya shule, Mwalimu. Ni ya hawa wasichana." Kuweni mashahidi wa sentensi hiyo, kwa sababu baadaye ilibidi niirudie sana.

Mwezi wa Juni, mvua ilipopungua, tuliitoa uwanjani baada ya chakula cha jioni. Upande wa kusini, juu ya ghuba ya ziwa, Msalaba wa Kusini ulikuwa umesimama wima, na kando ya mkono wake mmoja kuna nyota ambayo kwa macho ni kama imetiwa ukungu. Ukiielekezea darubini ukungu unakuwa fungu: chembe za buluu nyeupe zimebanana, na katikati yao moja nyekundu. Wasichana walipanga foleni. Wengi walisema "uuwi!" na kumpisha mwingine. Akoth alibaki pale mpaka waliomfuata wakaanza kumvuta sweta.

"Mwalimu, umesema zote zilizaliwa pamoja."

"Ndiyo."

"Sasa huyu mwekundu ni mgeni?"

"Hapana. Ni wa nyumba hiyo hiyo."

Akachungulia tena. "Basi ndiye karabai."

Nimefundisha miaka mingi na kusahihisha madaftari yasiyohesabika, na bado hilo ndilo jibu bora nililowahi kupewa. Nyota ile ilikuwa nzito kuliko ndugu zake, imemaliza mafuta ya moyoni, imevimba na kupoa na kuwa nyekundu, huku wadogo zake bado wanang'aa kama juzi.

Kutoka hapo akafanya mradi wa maonyesho ya sayansi. Vifaa vyetu, kama mnataka kujaribu, ni hivi: karatasi za peremende, nyekundu na za buluu, zile zinazopitisha mwanga. Unaweka ya buluu mbele ya jicho, unakadiria ukali wa nyota ukilinganisha na majirani zake, kisha unaweka nyekundu, unakadiria tena. Tofauti ya makadirio hayo ndiyo rangi. Unachora kwenye karatasi ya grafu, ukali kwenda juu, rangi kwenda upande. Ni kazi ya kukisia, na makosa ni mengi. Mboni lazima izoee giza, kwa hiyo tochi tuliifunga kitambaa chekundu. Na kila nyota lazima ikadiriwe na watu tofauti wasioambiana. Akoth alikuwa mkali sana kwenye hilo. Mwenzake akinong'ona jibu, alifuta mstari mzima na kuanza upya.

Maonyesho ya wilaya yalikuwa mjini Kisumu. Kwenye meza ya kushoto kwetu kulikuwa na jiko la vumbi la mbao, kulia mtego wa panya. Jaji wa kwanza, bwana mmoja mwenye tai pana, alitazama grafu, akamtazama Akoth, akanitazama mimi.

"Hii umechorewa na nani?"

"Nimechora mimi," Akoth akasema. "Ukitaka nichore tena, niletee karatasi."

"Na nyota itasaidia nani kupika ugali?"

"Hata mpira haupiki ugali, bwana. Na uwanja uko."

Watu wa mtego wa panya walicheka. Bwana yule hakucheka. Lakini jaji mwingine, mama mwenye miwani aliyekuwa kimya, aliuliza swali pekee la maana siku ile: fungu moja linathibitisha nini? Kama unachosema ni kweli, fungu lililo kongwe zaidi linafaa kutoa umbo tofauti. Umelipima? Akoth akasema bado. Yule mama akaandika kitu, na matokeo yalipotangazwa tulikuwa wa tatu, tunaendelea mkoani muhula unaofuata, tukiwa na fungu la pili.

Tulichagua fungu lililo kwenye mkia wa kundinyota la Nge, ambalo Septemba linakuwa juu jioni. Ni kubwa zaidi kwa umri kuliko lile la Msalaba. Tulipanga kuanza siku shule itakapofunguliwa.

Shule ilifunguliwa, nikaenda stoo kuchukua darubini. Palikuwa na magodoro yale peke yake.

Nilimkuta mwalimu mkuu anasoma gazeti. Alisema bila kulishusha kwamba mwenyekiti wa bodi ya shule alitembelea wakati wa likizo, akaipenda, na shule ikaona ni vyema kumpa kama heshima. Mwenyekiti ametufanyia mengi. Nilimwuliza mengi gani. Akasema anatufanyia mpango wa basi la shule. Nilimkumbusha maneno ya Bwana Jagjit. Akashusha gazeti.

"Mwalimu Rukia, wewe ni mtu wa maneno mengi. Nyota hazikimbii. Tutaona."

Sikungoja kuona. Jumamosi nilikwenda na Awiti mpaka Milimani, mjini Kisumu, nyumbani kwa mwenyekiti. Alitupokea kwenye veranda, mtu mnene mchangamfu, akaagiza chai na maandazi. Darubini ilikuwa pale, imeelekezwa ziwani, na shati limeanikwa kwenye mguu wake mmoja.

"Hiyo kitu yenu imeharibika," akatuambia kabla hatujaketi. "Nilitaka kuangalia mashua zangu zikirudi. Inaonyesha mashua kichwa chini!"

Awiti alimweleza kwa heshima kwamba darubini za nyota zote hugeuza picha, na nyota hazina kichwa wala miguu, kwa hiyo hakuna anayejali. Mwenyekiti akatikisa kichwa. "Hapana, mzee. Ilikuwa uchafu. Kioo ndani kilikuwa na vumbi. Nimewaambia wafanyakazi wakitoe wakisafishe, lakini bado."

Nikainama nikachungulia ndani ya bomba. Kioo alichokisugua Bwana Jagjit kwa mikono yake kilikuwa kimekwanguliwa chote. Ile ngozi ya fedha ilikuwa imetoka, imebaki glasi yenye mikwaruzo ya mviringo, kama ndani ya sufuria ya ugali.

"Mmesafisha na nini?"

"Na ile waya ya kusugulia sufuria. Na sabuni ya unga. Wamesugua sana."

Sitaki kuandika yote niliyosema. Nilisema kwa Kiswahili, nikaongeza Kiingereza, na kwa Kijaluo kile kibovu cha watu wa Kaloleni. Mwenyekiti aliniambia, "Mama, punguza sauti, majirani." Nikamwambia majirani ndio ninaotaka wasikie. Alisema ni kioo tu, atanunua kingine. Alikuwa ana nia njema, huyo mtu. Hilo ndilo linalonikera mpaka leo. Hakuwa mwizi. Aliona kitu kinang'aa, akakitaka, akapewa, akakisugua mpaka kikafa, na chai yake ilikuwa tamu.

Awiti alinishika kiwiko tukaondoka. Tuliteremka mpaka chini karibu na soko. Ndipo akasimama, akavua koti lake la kahawia, akalikunja, akalivaa tena. Sikuwa nimewahi kumwona amekasirika, na sikujua hasira yake inafanana hivyo.

"Mapadri wa kanisa letu wana darubini ya macho mawili," akasema. "Ya kuangalia ndege. Nitaomba."

Tuliipata. Mikono haiwezi kuishika ikatulia, kwa hiyo tuliifunga kwa mpira wa tairi kwenye mlingoti wa netiboli, na Akoth akasimama juu ya ndoo iliyofunikwa. Fungu la mkia wa Nge ni pana, halihitaji darubini kubwa. Tulipima jioni zote ambazo mawingu yalituruhusu. Grafu ilipokamilika hakuhitaji kunieleza. Juu, pale kwenye buluu kali ambapo fungu la kwanza lilikuwa limejaa, la pili lilikuwa tupu. Hazikuwepo. Zilikuwa zimeshamaliza siku zao. Na nyota iliyong'aa kuliko zote ilikuwa ya njano, imevimba, iko njiani. Akoth aliweka karatasi mbili juu ya nyingine akazielekeza dirishani ili mwanga upite. "Wameondoka kutoka juu," akasema. "Wakubwa kwanza."

Mkoani alishinda. Jaji aliyemsumbua wilayani hakuwepo, na waliokuwepo waliuliza maswali ya maana, akajibu yote. Mwalimu mkuu alikuja siku ya kutoa zawadi, suti ya kijivu, akapanda jukwaani kupokea kikombe. Akashika maikrofoni. Alisema mafanikio haya ni matunda ya uongozi bora, na kwa namna ya pekee anamshukuru mwenyekiti wa bodi kwa msaada wake wa vifaa.

Akoth alikuwa amesimama kando yake na cheti mkononi. Mshereheshaji, kwa kutaka kumchangamsha, alimwekea maikrofoni mdomoni: "Na wewe binti, una neno?"

"Ndiyo," akasema. "Vifaa vilikuwa karatasi ya peremende na darubini ya mapadri. Darubini yetu iko Milimani. Ilisuguliwa na waya ya sufuria."

Alirudisha maikrofoni kwa mikono miwili, kwa adabu kabisa, kama alivyofundishwa. Kisha Awiti akaanza kupiga makofi, peke yake, mikono ile mirefu, na wasichana wetu wakamfuata.

Jumatatu tuliitwa ofisini, mimi na mamake Akoth. Mama alitoka moja kwa moja kazini, bado na aproni ya hospitali. Mwalimu mkuu alisema Akoth hataenda mashindano ya taifa. Bila sahihi ya mkuu wa shule mwanafunzi hashiriki, na yeye hatatia sahihi.

"Mtoto amesema uongo?" Mama akauliza.

"Si uongo, Mama. Ni mambo ya adabu."

"Kama si uongo, adabu inaingia wapi?"

"Ameaibisha shule mbele ya watu."

"Ni yeye alisugua kioo?"

Mwalimu mkuu akanigeukia mimi, kana kwamba nimemfundisha mama yule maneno. Nilimwambia nitampeleka Akoth kwenye mashindano hayo Nairobi mwenyewe, nitawaandikia maombi ya radhi wanaotaka kuombwa radhi, nitapiga magoti kama ni hilo linalotakiwa. Na nilikuwa ninasema kweli. Ningepiga magoti pale pale kwenye saruji. Alifungua droo, akaweka karatasi ya ushiriki ndani, akaifunga. Mama Akoth alisimama, akafunga vizuri kamba ya aproni yake nyuma ya kiuno. "Mimi nasafisha wodi," akasema. "Uchafu naujua." Akatoka bila kuaga.

Taifa walikwenda waliokuwa wa pili. Walikuwa watoto wazuri na sina neno nao.

Muhula ulipoisha nilipewa uhamisho nisiouomba, kwenda shule ya Nyamasaria. Nilipoondoka, fizikia iliondolewa kwenye ratiba ya ile shule kwa sababu hakuna mwalimu. Fikirini hilo. Unamwondoa mwalimu, kisha unasikitika kwamba hakuna mwalimu. Akoth na wenzake walifanya mtihani wa mwisho bila somo hilo. Awiti alistaafu mwaka uliofuata, akarudi shambani kwake, na kila nilipomtembelea alinipa mihogo na kuniuliza kama bado nawasha kitu.

Akoth alisomea uuguzi. Nilikutana naye miaka ya tisini, kwenye matanga ya mwanafunzi mwenzake, mojawapo ya matanga mengi ya miaka ile ya ukimwi. Alikuwa mtu mzima, saa imebanwa kifuani kwenye yunifomu, watu wanampisha njia. Tulikaa pamoja kwenye viti vya kukodi nyuma ya hema. Nikaanza tena habari ya mwenyekiti, ya droo, ya kioo. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mwalimu, bado umekasirika?"

"Wewe hujakasirika?"

"Mimi nilichoka. Nina wagonjwa wengi." Akanishika mkono. "Na kazi yangu naipenda. Usifikirie nimepotea."

Najua hakupotea. Wauguzi wa miaka ile waliibeba nchi hii mgongoni na sitamruhusu mtu aseme kwamba Akoth alishindwa. Ninachosema ni kwamba hakuchagua. Alichaguliwa njia na mtu aliyetaka basi la shule, na basi lenyewe halikuja. Alipokwenda kuagana na wafiwa nilibaki kwenye kiti, na hasira yangu ilikuwa palepale, haijapungua hata kijiko.

Watu huniambia hasira huzeesha. Mimi imenifaa. Mwaka wangu wa mwisho kazini, kama wachache wenu mnavyojua, shule yetu ililetewa masanduku ya vifaa vya maabara. Yalifungiwa kwenye chumba cha pembeni kwa kufuli kubwa la Kichina, yakisubiri mgeni wa heshima aje kuyazindua. Mgeni aliahirisha. Akaahirisha tena. Kidato cha pili walikuwa wamefika mada ya rangi za mwanga na wanaisoma kwenye ubao, kwa chaki nyeupe.

Asubuhi moja nilipita kwa fundi wa vyuma barabarani, nikaazima msumeno wa chuma. Nilimpa msichana wa kwanza akakata mpaka akachoka, akampa wa pili. Wavulana waliomba zamu nao nikawapa. Kipindi cha kwanza chote kiliishia kwenye kufuli. Cha pili tukafungua sanduku, tukapata prizimu, vipande vya glasi vya pembe tatu, nzito, safi, zimefungwa karatasi laini, hakuna aliyewahi kuzigusa. Tukaziba madirisha kwa mablanketi ya bweni, tukaacha tundu moja. Jua likaingia kama uzi, likapita kwenye glasi, likamwagika ukutani, kutoka nyekundu mpaka zambarau. Hakuna aliyesema "uuwi". Walisogea ukutani.

Nikawaambia jua nalo ni nyota ya kawaida tu, ya katikati, na wataalamu wanaamini lilizaliwa ndani ya fungu, likiwa na ndugu wengi, kabla hawajatawanyika. Mvulana mmoja aliuliza ndugu wenyewe wako wapi sasa. Nilikuwa ninafungua mdomo kumjibu mlango ulipofunguliwa wazi, mwanga wa mchana ukajaa chumba, na rangi zote ukutani zikafutika. Alikuwa mkuu wa shule, ameshika vipande vya kufuli.

"Mwalimu Rukia! Nani amekupa ruhusa?"

"Ingia au toka," nikamwambia, "lakini funga huo mlango. Watoto wanasoma."